Ukikutana na neno "interest" kwenye karatasi ya kusaini

Mkataba wa mkopo, barua ya fidia ya ardhi, hukumu ya malezi ya mtoto, tangazo la zabuni na fomu ya kuomba kazi ni karatasi zisizofanana kwa lolote. Hata hivyo, zikiandikwa kwa Kiingereza, zote hubeba neno "interest", na kila moja hulipatia maana yake. Shuleni wengi wetu tulifundishwa ile maana nyepesi ya hamu au kupendezwa, kwa sentensi za mtoto anayependa mpira. Ukubwani tukaja kukutana na neno hilohilo kwenye karatasi inayotaka sahihi yetu, na kile tulichofundishwa hakikutufaa kitu.

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri nyaraka za namna hii. Mtu akiniuliza "interest" ni nini kwa Kiswahili, humshauri asianze na kamusi. Kamusi itampa hamu, shauku, faida, maslahi, riba, hisa na haki, zote mstari mmoja, na atachukua ile anayoijua. Aanze kwa kuuliza: nani anahusika na kitu gani? Na kitu hicho kikistawi au kikiharibika, nani anapata na nani anakosa? Akishapata jibu la maswali hayo, neno la Kiswahili litakuja lenyewe, na mara nyingi litakuja pamoja na jambo alilokuwa halioni kwenye karatasi.

Sababu ya maswali hayo kufaa imo katika asili ya neno. Limetoka kwenye Kilatini "interesse", maana yake kuwa kati ya mambo, kuhusika, kuleta tofauti. Katika Ulaya ya zama za kati, Kanisa lilikataza kuvuna faida kutokana na mkopo, na faida hiyo iliitwa kwa Kilatini "usura". Lakini wanasheria walikubali kwamba mkopeshaji akicheleweshewa fedha zake hupata hasara, na hasara hiyo anastahili kufidiwa. Fidia hiyo ndiyo iliyoitwa "interesse", tofauti kati ya hali aliyo nayo na hali ambayo angekuwa nayo kama angelipwa kwa wakati. Biashara ilipopanuka, fidia ya kucheleweshwa ikageuka malipo ya kawaida ya kila mkopo, na jina likabaki. Ndiyo maana neno moja la Kiingereza hubeba fedha, haki, manufaa na hata mapenzi ya kitu: chanzo chake ni kuhusika.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Neno letu la fedha ni riba, tulilolipata kwenye Kiarabu, na ni lilelile lililokatazwa ndani ya Kurani. Kiingereza kina maneno mawili, "usury" kwa ile ya dhuluma na "interest" kwa ile inayokubalika kibenki. Sisi tunalo moja tu. Mwislamu wa Unguja au Mombasa anapoambiwa mkopo una riba, husikia bei ya fedha na husikia haramu kwa pamoja. Kwa hiyo benki zinazofuata sharia hukwepa neno hilo. Kenya ilipata mbili za namna hiyo mwaka 2008, Gulf African Bank na First Community Bank, na mikataba ya aina hiyo husema faida, kwa kuwa benki hununua kitu na kumuuzia mteja kwa bei ya juu iliyokubaliwa tangu mwanzo. Ukitafsiri mkataba wa aina hiyo, usiandike riba. Utakuwa umebadilisha aina ya mapatano. Kinyume chake nacho ni kibaya, na nadhani ni kibaya zaidi: kuna wakopeshaji wa kawaida wanaoandika "faida" mahali pa "interest" ili mkopo usikike laini. Faida ya nani? Mkopaji akisoma "faida ya asilimia 20" anaweza kudhani ni yake. Kwenye mkopo wa kawaida, riba iitwe riba.

Sasa tukae kwenye riba yenyewe, maana hapo ndipo neno hili linapowaumiza watu wengi. Alama ya kuitambua ni kihusishi: Kiingereza kikisema "interest on", yaani juu ya mkopo, amana au deni, hiyo ni riba. Lakini kulijua neno ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua riba hiyo inapigwa juu ya nini.

Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 20. Mkopeshaji wa kwanza anaandika "flat rate". Maana yake asilimia 20 inapigwa kwenye milioni nzima tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama kila mwezi unapunguza deni. Utalipa 100,000 kwa mwezi, jumla 1,200,000. Mwezi wa 12 umebakiwa na deni la 83,000 na kidogo, lakini riba unayotozwa bado ni ya mtu anayedaiwa milioni. Mkopeshaji wa pili anaandika "reducing balance", riba juu ya salio. Kwa asilimia 20 ileile utalipa kama 92,600 kwa mwezi, na riba yote haitazidi sana 111,600. Tofauti ni karibu shilingi 90,000, na imeletwa na maneno mawili ya Kiingereza ambayo karani huyasoma harakaharaka. Ukitaka kuilinganisha ile ya kwanza na ya pili kwa kipimo kimoja, asilimia 20 ya "flat" ni sawa na asilimia 35 hivi kwa mwaka juu ya salio. Kwa hiyo mtu anayejisifu kwamba amepata mkopo wa asilimia 20 wakati jirani yake amechukua wa asilimia 28 juu ya salio, huyo ndiye aliyechukua ghali.

Uliza pia kama asilimia ni ya mwezi au ya mwaka. Kiingereza huandika "p.m." na "p.a." kwa herufi ndogo, na jicho huziruka. Asilimia 10 kwa mwezi kwenye mkopo wa mtaani huonekana kama kitu kidogo, kumbe kwa mwaka ni asilimia 120 kabla ya faini. Tanzania mikopo hii watu wameipa majina yanayojieleza, mikopo umiza na kausha damu. Kenya wakopeshaji wake huitwa mashailoki. Majina hayo hayakutungwa na wachumi. Yametungwa na watu waliochukuliwa friji na makochi.

Halafu kuna pale ambapo neno "interest" halipo kabisa, na kutokuwepo kwake kunapaswa kukushtua. Mikopo ya simu mara nyingi hutoza "fee", ada. M-Shwari, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Haikuitwa riba, na mtu anayekopa mara moja kwa dharura huenda asione tatizo. Lakini anayekopa kila mwezi mwaka mzima amelipa asilimia 90. Mfasiri aiandike ada, kwa kuwa ndivyo mkataba unavyosema. Mkopaji aipige hesabu kama riba.

Neno jingine la kuliwinda ni "compound". Lisomeke riba juu ya riba: ile ambayo hukuilipa mwezi huu inaongezwa kwenye deni, na mwezi ujao nayo inazaa. Karibu nalo utaona "default interest" au "penalty interest", riba ya kuchelewa, ambayo huwekwa juu ya ile ya kawaida. Wakenya wana kinga moja ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, kinasema deni likishafikia hatua ya kuhesabiwa kuwa halilipwi, benki haiwezi kudai riba inayozidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki wakati huo. Wanasheria huiita kwa Kilatini "in duplum", yaani deni lisizidi maradufu. Nimeona watu wakiuza kipande cha shamba kulipa riba iliyopita mpaka huo, kwa sababu barua ya madai ilikuwa kwa Kiingereza na hakuna aliyewaambia kwamba mpaka upo.

Kwenye magazeti, "interest rate" ya benki kuu ni jambo tofauti kidogo. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia Riba ya Benki Kuu kama nyenzo yake ya sera Januari 2024, ikaanza na asilimia 5.5. Usiende dirishani kwa benki yako na gazeti mkononi kudai mkopo wa asilimia hiyo. Ni kiwango cha kuongoza miamala ya benki zenyewe. Kenya iliwahi kufunga mambo haya mawili pamoja kisheria. Kuanzia 2016 riba ya mikopo ya benki haikuruhusiwa kuzidi kiwango cha benki kuu kwa zaidi ya pointi nne za asilimia, hadi sheria hiyo ilipoondolewa Novemba 2019.

Kihusishi kikibadilika, maana nayo inabadilika. "Interest in" inaweza kuwa hamu: hamu ya muziki, ya historia, ya kuchora. Kwenye kampuni ni hisa au sehemu ya umiliki, na "controlling interest" ni umiliki unaotosha kumpa mtu kauli ya mwisho. "Business interests" za fulani Mombasa ni biashara zake za Mombasa, basi. Usimwandikie "maslahi ya kibiashara" kana kwamba kuna siri. Polisi wakisema "person of interest" wanamaanisha mtu wanayetaka kumhoji, naye bado hajawa mshukiwa. Gazeti likimwita mshukiwa limemhukumu kabla ya wakati. Katika tangazo la zabuni, "expression of interest" ni barua ya kuonyesha nia. Bado hujaomba kazi yenyewe, na kuituma hakukufungi.

Mahali ambapo "interest in" inadai uangalifu kuliko pote ni ardhi. Hapo neno lina maana ya haki: haki yoyote anayoweza kuwa nayo mtu katika kiwanja au shamba, si lazima iwe ya mwenye hati. Mpangaji mwenye mkataba anayo. Benki iliyowekewa shamba dhamana inayo. Jirani mwenye haki ya kupita kwenda kisimani anayo. Mke naye anayo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mwenye nyumba ya ndoa haruhusiwi kuiuza, kuiweka rehani au kuitoa bila ridhaa ya mwenzake, na kwamba huyo mwenzake anahesabiwa kuwa na "interest" katika nyumba hiyo inayoweza kulindwa kwa kuweka zuio kwenye daftari la ardhi. Ukitafsiri neno hilo kwa maslahi, mama anayesoma ataelewa kwamba sheria inamtakia mema. Ukilitafsiri kwa haki, ataelewa kwamba anaweza kwenda ofisi ya ardhi na kuzuia nyumba isiuzwe. Karatasi ni ileile, kifungu kilekile, na mmoja tu kati ya wasomaji hao wawili atabaki na nyumba.

Kenya ina kitu kinachoitwa "overriding interests" katika kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Hizi ni haki zinazobana ardhi iliyosajiliwa hata kama hazikuandikwa kwenye daftari, zikiwemo haki za njia na amana za kimila, ambapo mmoja ameandikwa kwenye cheti kwa niaba ya ukoo. Ndiyo kusema, kupekua daftari na kukuta jina moja safi hakutoshi. Anayenunua shamba aende shambani, atembee mipaka, azungumze na majirani na wazee, aulize ni nani analima pale na tangu lini. Ninawaomba sana wanaonunua wakiwa ughaibuni, Muscat, Doha au Minneapolis, wasitume fedha kwa kutegemea picha ya cheti.

Mjane wa Kenya naye atakutana na "life interest". Kifungu cha 35 cha Sheria ya Urithi kinasema, mtu akifa bila wosia akaacha mwenzi mmoja na watoto, mwenzi anapata vyombo vya nyumbani na vitu vya matumizi binafsi moja kwa moja, na katika mali nyingine anapata "life interest". Nimeiona imetafsiriwa "faida ya maisha" na hata "riba ya maisha", na zote mbili hazina kichwa wala miguu. Ni haki ya kukaa na kutumia maadamu yu hai. Anaweza kulima, kupangisha na kula kodi, lakini mali haijawa yake ya kuuza atakavyo; ardhi na nyumba haziuzwi bila ridhaa ya mahakama, na baada yake zinakwenda kwa watoto. Mjane akielewa hivyo mapema ataepuka kutapeliwa na mnunuzi wa haraka, na watoto nao wataelewa kwamba kumfukuza mama yao kwenye shamba kwa sababu "si lake" ni kinyume cha sheria.

Kuna barua moja ambamo maana tatu hukutana, nayo ni ile ya kutwaa ardhi kwa ajili ya barabara, bomba au bandari. Mwanzoni utaambiwa ardhi inahitajika "in the public interest": hayo ni maslahi ya umma, maneno ambayo yamo pia katika Ibara ya 30 ya Katiba ya Tanzania. Katikati utaambiwa kila mtu mwenye "interest in the land" ajitokeze kwa mthamini: hapo ni haki katika ardhi, kwa hiyo asijitokeze baba peke yake. Ajitokeze mpangaji, ajitokeze mke, ajitokeze mwenye haki ya kimila asiye na hati. Mwishoni utasoma kwamba malipo yakichelewa yataambatana na "interest": hiyo ni riba, na safari hii anayeidai ni wewe. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Inataja thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri na hasara nyingine, na inaruhusu riba kwa kiwango cha soko. Wanakijiji wengi huidai fidia wakasahau riba ya ucheleweshaji, kwa kuwa kwenye mkutano wa kijiji barua ilifasiriwa kwa neno moja, maslahi, kuanzia juu hadi chini.

Kuhusu maslahi lenyewe kuna tahadhari inayotokana na Kiswahili chetu. Tanzania, maslahi ya walimu au ya wauguzi ni mishahara, posho na marupurupu. Chama cha wafanyakazi kikidai maslahi bora, hakuna anayefikiria falsafa. Kwa hiyo Kiingereza kikisema "the interests of teachers" kikiwa na maana pana ya mambo yanayowahusu, pamoja na usalama wao na heshima ya kazi yao, tafsiri ya "maslahi ya walimu" itasomeka kama fedha. Hapo heri uandike mambo yanayowahusu walimu, au ustawi wao.

"Best interests of the child" imeshazoeleka kuwa maslahi bora ya mtoto, nami siipingi ingawa imefuata Kiingereza kiungo kwa kiungo. Imeingia mahakamani na ofisi za ustawi wa jamii, na kuibadilisha sasa kutaleta mkanganyiko. Muhimu ni kuielewa. Msingi huu uko katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kifungu cha 3. Umo katika Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, na katika Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayosema maslahi hayo yana uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu mtoto. Haimaanishi kile mtoto anachotaka. Mtoto anaweza kumtaka mzazi anayemnunulia soda na kumwacha alale saa anayotaka, na mahakama ikimsikiliza, kama inavyopaswa, bado itapima afya yake, shule yake, usalama wake na nani amekuwa akimlea. Haimaanishi pia mzazi mwenye pesa nyingi ndiye mshindi. Wazazi wanaogombea malezi waende na ushahidi wa malezi: kadi ya kliniki, ripoti za shule, mtu anayejua nani humpeleka mtoto hospitali usiku. Kiasi cha mshahara hakijibu swali ambalo sheria inauliza.

Maslahi yakigongana, tunapata "conflict of interest", mgongano wa maslahi. Tafsiri hii ni nzuri na inaeleweka kote, na Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma tangu 1995 inayoshughulika na hayo. Katiba ya Kenya nayo, Ibara ya 75, inamkataza ofisa wa dola kuruhusu mambo yake binafsi yagongane na kazi ya umma. Watu wengi hudhani mgongano ni wizi. Hapana. Mjumbe wa kamati ya shule ambaye ndugu yake anauza madawati ana mgongano hata kama madawati ni mazuri na bei ni nafuu. Kosa linaanza pale anapokaa kimya na kupiga kura. Dawa yake ni kusema mapema na kutoka nje ya kikao jambo hilo linapoamuliwa, na katibu aandike kwenye muhtasari kwamba ametoka. Bungeni Dodoma tumezoea kusikia "naomba ku-declare interest". Kiswahili kinatosha: natangaza maslahi. Na kwenye kikao cha SACCOS au cha kikoba unaweza kusema kwa urahisi zaidi, jambo hili linanihusu, naomba nitoke.

Hapo ndipo linapokaa neno linalopotoshwa kuliko yote katika ukoo huu, "disinterested". Wengi hulisoma kama "uninterested", mtu asiyejali au asiyevutiwa. La kwanza lina maana ya mtu asiye na cha kupata wala kukosa katika jambo, asiyeegemea upande. Shahidi wa wosia anatakiwa awe wa namna hiyo. Kwa sheria ya urithi ya Kenya, mtu aliyeachiwa kitu katika wosia akiushuhudia yeye mwenyewe, alichoachiwa kinabatilika, isipokuwa wosia uwe umeshuhudiwa pia na watu wengine wawili wasiohusika. Baba anayempenda binti yake na kumwita ashuhudie wosia unaompa nyumba, anamnyang'anya nyumba hiyo bila kujua. Aite majirani.

Kwa vijana wanaoandika barua za kazi, nitasema moja tu. Kosa la "I am interesting in this job" linakwisha ukilipitisha kwenye Kiswahili. Tunacho kitenzi kinachotenganisha vizuri: kitu huvutia, mtu huvutiwa. Kinachovutia ni "interesting". Anayevutiwa ni "interested". Kazi inavutia, mimi nimevutiwa nayo. Na pale fomu inapoandika "Interests", mwajiri anataka kujua unachopenda kufanya nje ya kazi. Usiandike kusoma na kuogelea kwa sababu umeona kwa mwenzako. Utaulizwa kitabu ulichosoma mwisho.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na kazi ya kutafsiri sheria za zamani ni kubwa. Wanaoifanya ningependa wasilifunge neno hili kwenye tafsiri moja kwa ajili ya kulinganisha vifungu. Msomaji wa sheria ni huyo mama mwenye nyumba ya ndoa na huyo mwanakijiji mwenye barua ya fidia. Riba ibaki riba, haki iitwe haki, na maslahi yaachiwe mahali pake.

Nawe msomaji, karatasi yenye neno hili ikifika mkononi mwako, usisaini siku hiyohiyo. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, zungushia duara kila penye "interest", na pembeni yake andika kwa Kiswahili ni ya nani na inahusu nini. Kwenye mkopo, dai waandike jumla ya shilingi utakazolipa hadi mwisho. Palipokushinda, tafuta msaada: Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inayowatambua wasaidizi wa kisheria, na Kenya ina ya kwake ya 2016. Wasiojiweza husaidiwa bila malipo, na usiogope kuomba uelezwe kwa Kiswahili.